Mwisho Uliokusudiwa Warusi

Thøger Bundgaard alipozikwa, mwezi wa Machi, gazeti la Copenhagen lilimpa mistari minne. Lilisema alikuwa mwongozaji wa picha za sinema za zamani, zile zisizosema. Kwamba aliongoza picha thelathini na moja, na kwamba karibu zote zimepotea. Sidsel, dada yake, aliisoma mistari hiyo mezani, akavua miwani, akasema hakuna uongo ndani yake, ila ni sawa na kumweleza mtu kwa kutaja namba ya viatu vyake.

Sidsel alikuwa na miaka sabini na moja. Ndiye aliyemfumba kaka yake macho, na alilia kama anavyolia mtu aliyebaki peke yake katika watoto wa nyumba moja. Lakini kila aliyekuja kutoa pole alimwambia kwamba moyo wake umetulia. Lile lililokuwa limemtia hofu juu ya Thøger, Bwana alilishughulikia zamani, mwaka wa 1918, Jumatatu ya Pentekoste, kabla jua halijatua. Wengi hawakujua anasema nini. Waliojua walikuwa wameshatangulia kaburini.

Walizaliwa Nørre Hvolby, magharibi mwa Jutland, upande ule ambao upepo wa baharini umeinamisha kila mti kuelekea mashariki. Baba yao, Kresten, alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na ilisemwa katika parokia tatu kwamba gurudumu la Kresten halijui kulia. Alikuwa pia mzee wa nyumba ya misheni. Watu wa misheni wa Hvolby hawakucheza karata wala dansi, hawakugusa pombe, na hawakukanyaga ukumbi wa kijiji ng'ambo ya barabara. Ukumbi ulikuwa wa Wakristo wale wengine, wanaosikiliza mhadhara kisha wanasogeza viti pembeni na kuanza kucheza. Barabara yenyewe ilikuwa na upana wa mkokoteni mmoja tu, lakini walikuwapo watu waliozaliwa upande mmoja wakafa bila kuuona upande wa pili.

Mama yao, Abelone, alikuwa mwanamke mdogo mwenye kicheko kisichoomba ruhusa. Kilimtoka hata kwenye maombi, na Kresten, aliyekuwa mkali kwa watu wote, hakupata kumkemea kwa hilo.

Thøger alijifunza ufundi karakanani kwa baba yake. Alipofikisha miaka ishirini na mmoja alikwenda Copenhagen kutumikia jeshi, na alipomaliza hakurudi. Aliandika kwamba amepata kazi ya useremala kwenye kampuni moja: anajenga vyumba. Kresten aliridhika. Seremala ni seremala popote. Kitu kimoja tu kilimsumbua, akamwambia Sidsel akiulize kwenye barua: kwa nini vyumba hivyo vina kuta tatu, na watu wanaoishi humo wanafanyaje wakati wa baridi?

Thøger alichelewa kulijibu swali hilo. Wakati barua zikienda na kurudi, kazi yake ilikuwa inabadilika. Mwongozaji mmoja aliugua, waigizaji wakawa wamekaa bure katika vyumba vile vya kuta tatu, chini ya paa la kioo linaloingiza mwanga wa kupigia picha, na Thøger, aliyekuwa akigongomea ngazi, akawaambia namna ya kuipanda. Walifanya alivyosema, picha ikatoka nzuri. Mwaka wa 1911 nyundo akaiweka chini kabisa.

Siku zile sauti haikuchukuliwa, kwa hiyo mwongozaji aliweza kusema muda wote kamera ikizunguka, na Thøger alisema bila kituo. Alimbembeleza anayelia mpaka alie kweli. Alipochemka, lafudhi ya Jutland ilimrudia, na waigizaji wakubwa wa mjini waliuma midomo wasicheke. Bibi mmoja aliyeigiza mke wa mtawala aliwahi kuambiwa, katikati ya karamu ya kifalme, "Polepole, mama, hukubeba ndoo." Bibi yule alisema baadaye kwamba hajawahi kutembea vizuri kama siku hiyo.

Jingine aliloliona la ajabu katika kazi yake lilikuwa la Warusi. Picha za Denmark zilinunuliwa kila mahali, na watu wa kila mahali walitaka ziishe kwa furaha, isipokuwa Warusi. Warusi walitaka msiba. Basi kampuni ilikuwa na desturi ya kupiga miisho miwili kwa picha moja: wa harusi kwa ajili ya dunia, na wa kaburi kwa ajili yao. Thøger alimsimulia Sidsel kwamba kuna siku alimwoza binti wa watu asubuhi, wakala chakula cha mchana, na alasiri akamzamisha mtoni akiwa na nguo ileile ya harusi.

Majira ya kiangazi ya 1911 alikwenda nyumbani, akamweleza baba yake ukweli wote, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo. Kresten alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake kwenye mlango, akasema bila kupandisha sauti:

"Mungu ni shahidi yangu. Maadamu unafanya kazi hiyo, mlango huu hautafunguliwa kwa ajili yako. Si na mimi, si na mama yako, si na wewe mwenyewe."

Mtu ambaye si wa Hvolby angedhani ni hasira, na hasira hupoa. Lakini Kresten aliwahi kuapa kwamba hatamtengenezea gurudumu mchuuzi fulani wa farasi aliyempiga punda mbele ya kanisa, na mchuuzi yule alikwenda kutengenezewa magurudumu parokia ya tatu kwa miaka ishirini, hadi alipokufa. Kwa Kresten, neno lililotamkwa mbele za Mungu lilikuwa limeshatoka mikononi mwa aliyelitamka.

Kuanzia hapo Thøger alikuja kila kiangazi na kila kiangazi aliishia getini. Alilala kwa Laust Kvist, mwenyekiti wa ukumbi wa kijiji, mkulima mnene mwenye mdomo mrefu. Asubuhi alisimama nje ya geti, na Abelone alimletea kahawa na mkate mweusi kwenye sinia, wakazungumza huku geti likiwa katikati. Kresten alikuwa karakanani akipiga randa, kawapa mgongo. Sidsel aligundua kitu ambacho hakumwambia mtu: Thøger alipoanza kusimulia mambo ya mjini, randa ilinyamaza. Aliponyamaza yeye, randa ilianza tena.

Laust hakuwahi kumwonea haya. "Baba yako anakupenda kama anavyompenda mbwa wa kondoo," alimwambia. "Ndani huingii, lakini chakula unaletewa."

Miaka saba ikapita hivyo, minne ya mwisho vita vikiwa vinaendelea katika nchi za wengine. Majira ya baridi ya mwisho ya vita, moyo wa Abelone ulianza kushindwa. Miguu ilimvimba. Kresten alimtengenezea kiti chenye magurudumu mawili makubwa na moja dogo, na kwa kweli hakijawahi kuonekana kiti laini kama kile. Lakini Machi yote Abelone hakukitumia zaidi ya kutoka kitandani hadi dirishani. Daktari alimwita Sidsel pembeni akamwambia mama hataona mavuno.

Hapo ndipo hofu ya Sidsel ilipoanza. Mama atakufa, na mwanawe wa kiume atakuwa amesimama getini. Na baba atabaki na hilo, na Thøger atabaki na hilo, mpaka Siku ya Mwisho. Alipiga moyo konde, akamfuata Kresten karakanani.

"Baba, mama hawezi tena kufika getini."

"Najua."

"Hawezi kufa bila kumwona Thøger kitandani pake."

Kresten aliiweka randa chini. Mchungaji alikuwa ameshamwambia kwamba kiapo kibaya kinaweza kutubiwa, naye akamjibu kwamba mchungaji hakuwapo siku kilipoapwa.

"Nilimwita Mungu awe shahidi," alisema hatimaye. "Sasa unataka nimwendee nimwambie nilikuwa natania?"

Sidsel alitoka akalia nyuma ya rundo la mbao, kisha akamwandikia kaka yake.

Thøger alijibu kwamba baba hashawishiki kwa maneno, na kwa bahati nzuri kazi yake haina maneno. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza picha ya mzee mwenye kinu cha upepo, aliyemfukuza mwanawe na kumfungia mlango. Mwishoni mwana anarudi kwenye theluji, anabisha, na mzee anasimama, anafungua. Thøger hakuwahi kumwambia mtu kule mjini alimtoa wapi yule mzee. Sasa alikuwa amezungumza na Laust: picha ingeonyeshwa ukumbini Jumatatu ya Pentekoste, alasiri. Baba akiuona ule mlango ukifunguka, aliandika, huenda Mungu akafanya yaliyobaki.

Kumfikisha Kresten ukumbini ilikuwa kazi ya Abelone, na aliimaliza kabla ya kifungua kinywa.

"Kresten, nataka kuona mtoto anafanya kazi gani."

"Kule kwa Laust?"

"Unataka Laust aniletee ukumbi hapa kitandani? Nisukume. Kiti umekitengeneza wewe, mwingine atanimwaga njiani."

Kresten alikunja uso. "Nitakusukuma. Lakini sitatazama."

"Nani kakuomba utazame?" alisema Abelone, na kile kicheko kikamtoka, hafifu, lakini kilekile.

Kwa hiyo Jumatatu ya Pentekoste, mbele ya macho ya Hvolby nzima, Kresten Bundgaard alivuka barabara. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya kanisani. Mlangoni pa ukumbi Laust alimpa mkono.

"Karibu, ndugu Kresten. Unaona, paa halijakuangukia."

"Siku bado haijaisha," alisema Kresten.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya farasi, na ukumbi ulinuka kama zizi. Mbele ilitundikwa shuka. Kresten aliegesha kiti cha mkewe mahali pazuri, kisha akachukua kiti chake, akakigeuza, akakaa na mgongo wake kwenye shuka na kofia magotini, akiwatazama watu. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mkewe. Nyuma kabisa, kwenye meza, Thøger alikuwa na mashine ya kuonyeshea, na mkono wa kuizungusha. Baba na mwana walitazamana hivyo, kutoka mwisho hadi mwisho wa ukumbi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, mpaka taa zilipozimwa.

Mashine ile haikuwa kitu cha kuchezea. Taa yake ilikuwa kali, na mkanda wa picha siku zile uliwaka kama makuti makavu. Ukitembea, salama, ukisimama mbele ya taa kwa muda wa kuhesabu tatu, unashika moto, na ukumbi wa mbao uliojaa watu nao utashika. Thøger alikuwa amemweleza Sidsel hayo asubuhi ile: mkono ukianza kuzunguka hausimami mpaka mkanda uishe.

Picha ilianza. Laust alisimama pembeni akisoma kwa sauti maandishi yaliyojitokeza kati ya picha, kwa ajili ya wazee wasioona vizuri. Kinu kilizunguka, mzee akagombana na mwanawe, mlango ukafungwa. Wanawake walipangusa macho. Kresten hakugeuka. Aliifuata hadithi kwenye nyuso za majirani zake.

Kisha ukafika mkanda wa mwisho, na Sidsel akahisi kuna jambo. Haukuwa na maandishi. Laust alifungua kinywa kusoma, akakosa cha kusoma, akabaki hivyo. Kwenye shuka theluji ilianguka. Mwana alifika, akabisha. Ndani, mzee aliinua kichwa. Aliinuka. Aliweka mkono kwenye komeo. Hapa ndipo Sidsel alipoambiwa mlango utafunguka.

Mkono wa mzee ulishuka. Nje, mwana alingoja, akageuka, akaondoka, na theluji ikafunika nyayo zake.

Sidsel aligeuka kumtazama kaka yake. Uso wa Thøger ulikuwa mweupe kuliko shuka, na mkono wake ulikuwa unazunguka. Sidsel akaelewa yote kwa mara moja: huu ulikuwa mwisho wa Warusi, naye hawezi kuusimamisha. Ilimbidi auzungushe mwenyewe mpaka utimie.

Kwenye shuka, pambazuko. Majirani wanavunja dirisha la nyumba ya kinu. Mzee amelala sakafuni nyuma ya mlango wake, amekufa, kiganja kimegusa mbao. Abelone alianza kulia kwa sauti. Kresten alimtazama mkewe, akawatazama watu, safu kwa safu, na hakuona hata mmoja aliyekuwa akimtazama yeye. Basi akageuka.

Akamwona yule mzee. Kamera ilikaa hapo muda mrefu, juu ya kile kiganja. Kisha mkanda ukaisha, shuka likabaki jeupe tupu. Kresten alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje, akamwacha mkewe kwenye kiti.

Thøger alikuja mbele. Alimweleza Sidsel kwamba tangu mapinduzi Warusi hawanunui tena picha, na makopo ya mikanda yaliyokuwa yaende kwao yamejaa ghalani. Mikanda ya mwanzo ilikuwa na maandishi ya Kidenmark; ule wa mwisho tu, wa Warusi peke yao, ulikuwa haujatiwa maandishi. Alikuwa ameruhusiwa kuchukua nakala moja kati ya hizo, na kwa haraka ya treni alibadilisha kopo la mwisho yeye mwenyewe, apate ule wa furaha. Alama za chaki zilikuwa zimefutika. Alikisia, akakosea.

"Nimemuua baba mbele ya kijiji kizima, Sidsel. Nilikuja kuomba aniruhusu niingie, nikamwonyesha maiti yake."

Laust alianza kushusha mablanketi madirishani. Abelone ndiye aliyesema, "Nipelekeni nyumbani."

Nje jua lilikuwa bado juu, kwa kuwa mwezi wa Mei kule huona haya kutua mapema. Thøger na Sidsel walimsukuma mama pamoja, Sidsel akiomba kimoyomoyo na asijue aombe nini. Getini Thøger aliachia mkono wa kiti. Miguu yake ilikuwa imezoea kuishia pale. Karakanani kulisikika randa.

Sidsel alitangulia kwenda kufungua nyumba, akasimama katikati ya ua.

Nyumba haikuwa na mlango. Pale ulipokuwa palikuwa wazi tu, na kutoka uani mtu aliweza kuona makoti yaliyotundikwa kwenye ushoroba, saa ya ukutani, na paka aliyekaa kizingitini asijue kama yuko ndani au nje. Kwenye miimo zilibaki bawaba. Sidsel alikwenda karakanani. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya meza ya kazi, na Kresten, katika suti yake ya kanisani, alikuwa akiupiga randa ubavuni.

"Umevimba," alisema bila kuinua kichwa. "Unakwama tangu mvua za vuli."

Sidsel alikuwa ameufungua mlango huo asubuhi kwa kidole kimoja.

"Tutakaa bila mlango leo, baba?"

"Leo. Na kesho. Mbao haitaki haraka." Akapuliza maranda. Kisha akatazama getini, moja kwa moja, alipokuwa amesimama mwanawe. "Niliapa kwamba mlango hautafunguliwa kwa ajili yake," alisema. "Hautafunguliwa. Uko hapa. Nani ataufungua?"

Abelone alikuwa amesikia kutoka kwenye kiti chake.

"Kresten Bundgaard," alisema, "miaka saba bisibisi iko mkononi mwako."

"Sikuiona," alisema Kresten. "Sikuiona mpaka nilipomwona yule mjinga pale sakafuni."

Thøger alifungua geti. Alimbeba mama yake kutoka kwenye kiti, kwa kuwa kizingiti kilikuwa juu, akapita naye mbele ya baba yake. Kresten alisogea pembeni kumpisha. Neno la kwanza alilomwambia mwanawe baada ya miaka saba lilikuwa: "Futa miguu." Thøger akafuta.

Nyumba ilikaa bila mlango siku kumi na tisa. Kuku waliingia, mvua iliingia, na watu wa misheni waliokuja kumwona mgonjwa walipita pale penye uwazi bila kuuliza, kila mmoja akiwa ameshasikia habari yote. Thøger alikaa siku zote hizo. Alimlisha mama yake, alimsimulia mambo ya kina bibi wa mjini na ndoo zao, na Abelone alicheka hadi alipochoka. Alikufa siku ya kumi na tisa asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mumewe na mwingine kwa mwanawe. Sidsel alisema hajawahi kuona kifo chepesi kama kile. Alisema ilikuwa kama mtu anayeshushwa mkokotenini na watu wawili wenye nguvu.

Katika siku hizo kumi na tisa Thøger alimwambia baba yake ukweli. Walikuwa karakanani, wakitengeneza jeneza ambalo wote walijua ni la nani.

"Baba, ile picha ina mwisho mwingine. Mzee anafungua."

"Huo ni wa nani?"

"Wetu. Na wa Wajerumani, na Waingereza. Huo ndio niliotaka uuone, si ule wa Warusi."

Kresten alipima ubao, akaukata, akapuliza vumbi.

"Basi Mungu awabariki Warusi," alisema. "Ningemwona akifungua, ningesema vema, kazi imeshafanyika. Ningebaki nimekaa."

Baada ya maziko mlango ulirudishwa. Thøger aliushikilia, Kresten akakaza parafujo. Ndipo Sidsel alipoingiwa na hofu mpya, kwa kuwa kiapo kilikuwa bado kipo na kazi ya Thøger ilikuwa bado ileile. Treni yake ya kwenda Copenhagen ilikuwa ya kesho yake. Lakini Kresten alikuwa ameshafikiri. Alichukua jiwe kutoka bustanini, akaliweka chini ya mlango ukiwa wazi kiasi cha mtu kupita.

"Hautafungwa tena," alisema. "Kisichofungwa hakifunguliwi."

Asidhani mtu kwamba Kresten alilegea. Hakuwahi kuikubali sinema. Kila Jumapili alimwomba Mungu waziwazi amtoe mwanawe kwenye kazi ile, hata Thøger akiwa amekaa mezani, na Thøger aliitikia amina kwa adabu. Lakini mlango ulikaa wazi, masika na kipupwe. Kwa jinsi upepo wa Hvolby ulivyo, hilo si jambo dogo. Mchanga uliingia hadi kwenye unga. Sidsel alifagia mara tatu kwa siku na kuvaa soksi mbili, na alisema baadaye kwamba hajawahi kufagia kwa furaha kama miaka ile.

Thøger aliongoza picha nyingine kumi na mbili. Baadhi zilisifiwa hata Berlin. Kisha zikaja picha zinazosema, na kipaza sauti kikatundikwa juu ya vichwa vya waigizaji, na mwongozaji akaambiwa anyamaze. Thøger hakuweza. Alijaribu picha moja, na katika kila kipande chake kizuri, chini ya sauti ya mapenzi au ya kilio, lilisikika jitu la Jutland likisema polepole, mama, polepole. Kampuni ilimshukuru kwa miaka yake yote. Alicheka alipomsimulia Sidsel, lakini alikuwa amekonda.

Oktoba ya 1931 alikuja bila kuandika. Ilikuwa siku ya dhoruba, na upepo ulikuwa umelisukuma jiwe na kuubamiza mlango hadi komeo likaanguka mahali pake. Sidsel alikuwa jikoni. Kresten, akiwa na miaka sabini na minane, alikuwa amekaa karibu na jiko, miguu imefunikwa. Mtu alibisha.

"Nani?" Kresten aliuliza.

"Ni mimi, baba. Kazi imekwisha. Sifanyi tena."

Sidsel alitaka kukimbia akafungue, lakini Kresten alinyoosha mkono kumzuia. Aliondoa blanketi. Aliinuka mwenyewe, akashika meza, akashika ukuta, akafika mlangoni. Alilitoa komeo kwa mikono miwili. Thøger alikuwa amesimama na sanduku lake, amelowa chepechepe, ana miaka arobaini na sita.

"Ingia," alisema Kresten, "na ufunge nyuma yako. Miaka kumi na mitatu ya baridi inatutosha."